Mamlaka Yanatoka kwa Mungu? Sawa. Sasa Soma Iliyobaki

Mama alinipigia simu Jumapili mchana akilia. Wiki hiyo nilikuwa nimeweka vidio ya dakika tatu nikiuliza swali moja tu: pesa za basari za wadi yetu zilienda wapi ule mwaka mimi na wenzangu kadhaa tuliacha chuo kwa sababu ya karo? Sikutukana mtu. Sikutaja jina la mtu. Nilionyesha fomu yangu yenye muhuri, nikauliza. Basi mchungaji wetu, aliyenijua tangu nikiimba kwaya ya watoto, akasimama madhabahuni akasema kuna vijana wa humu humu ndani wanaopigana na watu waliowekwa na Mungu, na kwamba anayepinga mamlaka anampinga Mungu mwenyewe. Kanisa zima likageuka kumwangalia mama.

Hiyo ndiyo sababu ya posti hii. Ni ndefu. Kama bando yako inaelekea kuisha, ihifadhi usome baadaye.

Kusemwa madhabahuni si kitu, nimezoea komenti mbaya kuliko hizo. Kilichonichoma ni vile alimalizia: ati haya ndiyo Kanisa limefundisha tangu zamani. Sasa hapo, Pasta, kwa heshima zote, umeingia shamba langu. Mimi sina digrii. Lakini kabla chuo na mimi tuachane nilichukua kozi moja ya falsafa ya zama za kati, na nikuambie ukweli, niliichukua kwa sababu zile zingine zilikuwa zimejaa. Tangu siku hizo nimekuwa nikiwasoma hao wazee kwa simu usiku, tafsiri za bure. Na hao wazee hawako upande wako.

Najua utasema hao ni Wakatoliki na sisi ni watu wa Roho. Sawa. Lakini "tangu zamani" ni neno lako, si langu. Kabla ya 1517 huku Magharibi ulipotoka mfumo wote wa mahubiri yako, zamani ni hao hao.

Wacha tuanze na neno lenyewe. Tuna magavana 47 hapa Kenya na sijui ni wangapi kati yao wanajua jina la cheo chao lilitoka wapi. Lilitoka baharini. Kwa Kilatini *gubernare*, ambalo nalo lilitoka kwa Wagiriki, ni kushika usukani wa chombo. Gavana ni mshika usukani. Thomas Aquinas alipoandika kitabu chake juu ya ufalme, karibu 1267, akimwandikia mfalme wa Cyprus, alianza na picha hiyo hiyo: chombo kikisukumwa na pepo za huku na huku hakiwezi kufika bandarini bila mtu wa kukiongoza. Kwa hivyo kutawala ni kupeleka kitu mahali kinapofaa kufika. Ona vile picha hiyo imekaa. Chombo si cha mshika usukani. Abiria hawakupanda kwa ajili yake. Na akikipeleka mwambani ili auze mbao, hakuna abiria mwenye akili atasema huyu amewekwa na Mungu, tunyamaze tuzame kwa utaratibu.

Kabla ya Thomas kulikuwa na Augustine, na huyu ni Mwafrika, amezaliwa 354 Thagaste, mahali palipo Algeria ya leo, akawa askofu wa Hippo. Yeye ni wa mwisho wa enzi ya Warumi, si wa zama za kati hasa, lakini kila mwanateolojia aliyekuja baadaye alikunywa kwenye kisima chake. Katika kitabu chake cha Mji wa Mungu anauliza: ukiondoa haki, falme zinabaki kuwa nini zaidi ya magenge makubwa ya wanyang'anyi? Halafu analeta kisa cha haramia aliyekamatwa na Alexander. Mfalme anamuuliza kwa nini anasumbua bahari. Haramia anamjibu kwamba wote wawili wanafanya kazi moja, tofauti ni kwamba yeye ana chombo kimoja kidogo ndiyo maana anaitwa mwizi, na mwenzake ana jeshi zima la majini ndiyo maana anaitwa mfalme. Hiyo si komenti ya kijana wa Githurai. Hiyo ni ya askofu, mtakatifu.

Sasa turuke hadi 1076. Ujerumani kuna mfalme anaitwa Henry IV, Roma kuna Papa Gregory VII, na wanagombania nani anaweka maaskofu. Wafalme walikuwa wamezoea kugawa uaskofu kama vile mtu anavyogawa viti vya bodi, na wengine walikuwa wanauuza. Gregory akasema imetosha. Henry akamtangaza si papa tena. Gregory naye akamtenga mfalme na Kanisa, na (hapa ndipo utamu ulipo) akawaambia raia wa mfalme kwamba kiapo chao cha utii hakiwafungi tena. Januari 1077 Henry alisimama kwenye baridi nje ya ngome ya Canossa siku tatu akiomba msamaha. Mpakwa mafuta, kwenye theluji.

Miaka 4 baadaye Gregory alimwandikia askofu wa Metz barua ambayo ningependa isomwe kila wakati mheshimiwa anapopewa maiki kanisani. Anauliza: nani asiyejua kwamba wafalme na watemi walianzia kwa watu wasiomjua Mungu, waliotumia majivuno, unyang'anyi, uongo na mauaji, wakichochewa na shetani, ili watawale watu walio sawa nao? Papa huyo. Usiniambie ni mwanaharakati wa mtandaoni.

Lakini mtu wangu katika ugomvi huo ni mtawa mmoja asiyejulikana sana, Manegold wa Lautenbach, kutoka Alsace. Alikuwa akimtetea Gregory, miaka hiyo ya 1080. Manegold anasema mfalme si jina la maumbile kama vile mtu au mti, ni jina la kazi. Watu walimwinua mmoja wao juu yao ili awalinde dhidi ya udhalimu, na kuna mapatano. Halafu anatoa mfano uliowachoma watu wa mfalme hadi mfupa: ukimwajiri mtu akuchungie nguruwe kwa mshahara, na badala ya kuwachunga akawa anawaiba, anawachinja, anawapoteza, si utamnyima mshahara na kumfukuza kwa aibu? Na kama ni hivyo kwa mchunga nguruwe, kwa mtawala wa watu ni zaidi, kwa sababu watu si nguruwe. Mara ya kwanza kusoma hiyo nilicheka peke yangu kwenye matatu, konda akaniuliza kama niko sawa.

Kabla mtu anirukie: Gregory hakuwa mtetezi wa wanyonge. Alitaka mfalme apige magoti, lakini alitaka apige magoti mbele yake yeye. Boniface VIII alikuja 1302 akaweka wazi kabisa kwamba kila binadamu sharti awe chini ya papa wa Roma. Nalijua hilo. Bado, ili wamshushe mfalme, iliwabidi waseme kwa sauti jambo ambalo halikurudi tena kwenye chupa: kwamba cheo kikitoka kwa Mungu basi si mali ya aliyekikalia, na mwenye mali anaweza kuuliza hesabu.

Katikati ya karne ya 12 kuna Mwingereza, John wa Salisbury, aliyemaliza kitabu chake Policraticus mwaka 1159. Yeye anaichora nchi kama mwili. Mtawala ni kichwa. Makasisi ni roho. Majaji na wakuu wa majimbo ni macho, masikio na ulimi. Askari ni mikono. Wakulima na mafundi ni miguu, na anasema miguu inahitaji kutunzwa zaidi maana ndiyo inayojikwaa chini ikibeba mzigo wote. Na watu wa hazina? Watu wa hazina, ndugu zangu, ni tumbo na matumbo. Wakikusanya kwa ulafi na kukatalia walichokusanya, mwili mzima unaugua magonjwa yasiyohesabika. Huyu mtu aliishi zaidi ya miaka 850 iliyopita na ameielezea hazina iliyofungwa choo.

John alienda mbali zaidi, hadi kusema kumuua dhalimu ni halali. Hapo mimi siko naye, na wenzake wengi hawakuwa naye. Lakini usisome kama maneno ya mtu aliyekuwa amekaa salama na kikombe cha chai. Alimfanyia kazi Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury, na tarehe 29 Desemba 1170 alikuwa Canterbury wakati askari wa mfalme walipomuua bosi wake ndani ya kanisa. Alijua serikali ikikasirika inafika wapi.

Sasa turudi kwa Thomas Aquinas, maana huyu ndiye jabali, na ndiye mtu akitajwa hakuna mhubiri atasema simjui. Alizaliwa karibu 1225 kusini mwa Italia, familia ya watu wakubwa. Mpango wa nyumbani ulikuwa awe mkuu wa watawa wa Monte Cassino, cheo chenye heshima na mali. Yeye akaenda kujiunga na Wadominiko, watawa wa kuombaomba. Mwaka 1244 mama yake akawatuma kaka zake wamkamate njiani, wakamfungia nyumbani karibu mwaka mzima. Hakubadilika. (Mama, kama unasoma, mimi sisemi kitu.)

Thomas anauliza swali lile lile la Pasta: je, Mkristo anafungwa kutii mamlaka? Alilijibu mapema, akiwa Paris, bado hajafika umri wa miaka 32. Anasema ndiyo, mamlaka yanatoka kwa Mungu, hivyo wajibu wa kutii upo. Halafu anaongeza kile kipande ambacho huwa hakifiki madhabahuni. Utawala unaweza kukosa kutoka kwa Mungu kwa njia mbili: vile ulivyopatikana, na vile unavyotumika. Aliyeupata kwa nguvu si mtawala kweli, na watu wakipata uwezo wanaweza kumkataa, isipokuwa baadaye awe amehalalishwa, labda kwa watu wenyewe kukubali. Na aliyeupata vizuri akaamuru uovu, hapo hatiiwi. Kwa hivyo mstari ule wa Warumi 13 Thomas hakuuruka, aliusoma mara mbili.

Katika kazi yake kubwa, Summa, anasema sheria ni agizo la akili kwa ajili ya faida ya wote, lililotolewa na mwenye jukumu la kuitunza jamii, na likatangazwa. Hesabu hapo: akili, faida ya wote, mwenye jukumu, tangazo. Kisha anaorodhesha sheria mbaya. Ile inayobebesha watu mizigo kwa sababu ya tamaa au sifa za mtawala. Ile ambayo mtungaji amevuka mipaka ya madaraka yake. Na ile ambayo hata kama lengo ni zuri, mizigo imegawanywa bila usawa. Hizo, anasema, ni mabavu zaidi kuliko sheria, na haziifungi dhamiri, ila pengine mtu azifuate tu kuepusha fujo. Soma ile ya mizigo tena. Mtawa wa karne ya 13 anazungumza juu ya nani analipa kodi na nani anaachiwa.

Halafu kuna uchochezi. Hili neno tunalijua sana hapa kwetu, limewalaza watu wengi seli. Thomas anakubali uchochezi ni dhambi kubwa. Lakini kupinga utawala wa kidhalimu ni uchochezi? Anajibu hapana, kwa sababu utawala wa namna hiyo hauelekei faida ya wote, unaelekea tumbo la mtawala. Isipokuwa, anaonya, kama vurugu za kuuondoa zitaumiza watu kuliko udhalimu wenyewe. Kisha anageuza meza: mchochezi hasa ni dhalimu mwenyewe, kwa sababu ndiye anayepanda ugomvi na utengano kati ya watu ili atawale bila wasiwasi. Sitaongeza kitu hapo. Umezaliwa nchi hii, unajua kura zinavyotafutwa.

Sitaki kudanganya kama vile sisi watu wa vidio tunavyodanganya, kukata kipande kinachonifaa. Yule yule Thomas, kwenye kitabu cha mfalme wa Cyprus, anasema udhalimu usipokuwa mkali ni afadhali uvumiliwe kwa muda, maana anayeangusha mmoja mara nyingi anamwinua mbaya zaidi. Hataki mtu binafsi ajichukulie hatua. Anataka iwe kwa mamlaka ya umma: kama watu ndio wenye haki ya kujiwekea mfalme, basi wanaweza kumwondoa au kumwekea mipaka, hata kama walimwapia utii wa milele, maana ni yeye aliyevunja mapatano kwanza. Na kama njia zote za kibinadamu zimefungwa, waombe, na waache dhambi zao. Pasta angependa kuanzia hapo kwenye maombi. Thomas aliyaweka mwisho, baada ya kuzungumza juu ya kumweka mfalme mipaka.

Tena huyo huyo alikubali wazushi wauawe. Sijaja kukuuzia watakatifu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba walifundisha ukimya.

Na hawakuwa watu wa vitabu tu. Mwaka 973, Edgar alipotawazwa huko Bath, Askofu Mkuu Dunstan alimwapisha mambo matatu: amani kwa Kanisa na watu, kukomesha unyang'anyi na uonevu wa kila aina, na haki pamoja na huruma katika hukumu. Mafuta na kiapo vilikwenda pamoja. Mwaka 1215, Mfalme John alipobanwa akubali Magna Carta, askofu mkuu Stephen Langton alikuwa katikati ya mazungumzo. (Papa Innocent III aliifuta kabla mwaka haujaisha, kwa hivyo makanisa kuwa pande zote mbili hakujaanza leo.) Wanasheria wa Kanisa walipenda kanuni moja waliyoichukua kwa Warumi, kwamba jambo linalowagusa wote sharti likubaliwe na wote, na mwaka 1295 Edward I aliitumia kwenye barua za kuita bunge lake. Katiba yetu ya 2010 inaposema wananchi washirikishwe, inatembea njia iliyokanyagwa na viatu vya makasisi.

Kisa kimoja tu kingine. Uingereza, 1381, kodi ya kichwa imechosha wakulima. Simon Sudbury ni askofu mkuu wa Canterbury na wakati huo huo ni kansela wa mfalme. John Ball ni kasisi asiye na parokia, amefungwa mara kadhaa kwa kuhubiri kwamba siku za Adamu na Hawa hapakuwa na bwana na mtumwa. Wakulima walipoingia London walimkata Sudbury kichwa. Serikali ilipojikusanya ikamnyonga Ball. Wote wawili makasisi, Biblia moja. Vile Sudbury alikufa ni unyama na siupambi. Ila najiuliza kama wakulima wale waliona askofu pale, ama waliona mtu wa kodi aliyevaa kanzu.

Sasa hii ya kwamba mtawala hajibu kwa mtu yeyote duniani ilipata nguvu lini? Baadaye sana. Ndiyo, hata zama za kati kulikuwa na waliowapigia wafalme debe. Lakini walioifanya mafundisho kamili ni watu kama James wa Scotland, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1598, yeye mwenyewe akiwa mfalme, kwa hivyo fikiria, halafu Askofu Bossuet katika jumba la Louis XIV kule Ufaransa. Hiyo ndiyo "tangu zamani" yako, Pasta. Iliandikwa na mfalme na mtu wa ikulu.

Jioni ile nilimpigia mama tena. Sikumsomea Summa, ni mtu wa sokoni, alikuwa amechoka. Nilimwambia tu kile kisa cha mchunga nguruwe. Akanyamaza kidogo.

"Na huyo alikuwa mtu wa kanisa?"

"Mtawa, mama."

"Na mfalme hakumfanya kitu?"

"Baadaye alimfunga."

Akavuta pumzi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Halafu akasema fomu ile yenye muhuri nisiiache ovyo nyumbani kwangu, nimletee aiweke kwenye ile sanduku ya stakabadhi, pamoja na hati ya shamba.